Naombeni ushauri: nimlipie mama bima ya afya ya SHA ya mwaka mzima ama nijipange tofauti?
Wadau habari zenu, naombeni ushauri kuhusu hii SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya. Mamangu anauza mboga sokoni, ana presha na sukari, na enzi za NHIF, ile bima iliyokuwepo kabla ya SHA, alikuwa analipa shilingi 500 kwa mwezi, hiyo alikuwa anaimudu. Tangu Oktoba 2024 mambo ni mengine, sisi tulioajiriwa tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara basi imeisha, lakini yeye ni mpaka ajibu maswali ya nyumba ikoje, choo gani, unapikia nini, ndio apewe kiasi chake na ni ya mwaka mzima mara moja, sasa mtu anayeishi kwa mauzo ya siku atoe wapi hiyo pesa kwa mpigo?

Dispensari na kituo cha afya ukishajisajili hulipi, hiyo nashukuru kabisa. Hofu yangu ni akilazwa, juu kuna hospitali ya binafsi huku kwetu ilimwitisha jirani keshi na yeye ashalipia. Kuna mtu ametumia ule mkopo wa Lipa SHA Pole Pole? Riba ikoje? Na wenye wazazi wa sukari, dawa za kila mwezi mnapata ama bado ni chemisti?