Mgonjwa asipopona, ni dhambi yake au tunamsingizia Mungu?

Mleta mada:
Wadau, naomba tulijadili hili bila jazba. Shangazi yangu alikuwa kitandani, amebaki mifupa, na mgeni mmoja akaja kumwombea. Alipomaliza akamwinamia sikioni, nami nikasikia: “Jichunguze, kuna dhambi hujaiungama.” Shangazi akageukia ukutani. Tangu siku ile hadi anafariki, usiku alikuwa akihesabu makosa ya usichana wake: uongo aliomwambia mama yake, ugomvi na mdogo wake ambao mdogo mwenyewe alishausahau.

Msimamo wangu ni huu: anayemwambia mgonjwa maneno yale anamsingizia Mungu. Shahidi wangu ni Ayubu. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari walianza vizuri, wakaketi naye chini siku saba bila neno. Waliharibu walipofungua midomo. Hoja yao ilikuwa moja, wakiizungusha: Mungu ni wa haki, wewe unateseka, basi umekosa. Ayubu akagoma kukiri kosa asilolijua, akamlalamikia Mungu uso kwa uso. Na katika 42:7, Mungu anawakasirikia wale waliojifanya mawakili wake, anasema aliyenena sawa ni Ayubu.

Mchangiaji wa kwanza:
Pole kwa shangazi, mkuu. Ila unachagua mistari. Kumbukumbu la Torati 28 iko wazi: ukitii, baraka, ukiasi, laana, na magonjwa yametajwa humo. Manabii waliueleza uhamisho wa Babeli kwa njia hiyo hiyo. Ukikata kamba kati ya tendo na malipo, haki ya Mungu inabaki jina tu.

Mleta mada:
Hoja nzito, siikwepi. Sura ile inasema na taifa zima juu ya agano lake. Na hata hivyo, “ukiasi utateseka” haigeuki kuwa “anateseka, kwa hiyo ameasi”. Mvua inalowesha, lakini si kila aliyelowa amenyeshewa. Yesu aliulizwa kuhusu aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akajibu si yeye wala wazazi wake (Yohana 9). Na wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa kuwa walikuwa wakosaji kuliko wengine.

Marabi, walimu wa dini ya Kiyahudi, nao walihangaika na jambo hili. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho na mijadala yao, sehemu ya Kiddushin 39b, baba anamtuma mwanawe apande juu akamletee makinda. Mtoto anapanda, anamwachia kwanza mama ndege aende zake kama Torati inavyoagiza, anachukua makinda. Wakati wa kurudi anaanguka, anakufa. Kumheshimu baba na kumwachia mama ndege ni amri ambazo Torati imeziahidi siku nyingi za kuishi, naye alikuwa anazitimiza zote mbili kwa mpigo mmoja! Swali la mgeni wetu nalo limo mle: labda moyoni alikuwa anawaza dhambi? Likaulizwa, likakataliwa. Rabi Yaakov akasema malipo hayako dunia hii, yako dunia ijayo. Elisha ben Abuya, rabi mwenzao, inasimuliwa palepale, aliona kifo cha namna hiyo akaiacha njia ya imani. Marabi hawakuificha habari yake.

Mchangiaji wa pili:
Basi maliza sentensi yako: hakimu hayupo. Mwaka 1710 mwanafalsafa Mjerumani Leibniz aliandika kuwa dunia hii ndiyo bora kati ya zote zinazowezekana. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko likaiangusha Lisbon, mji mkuu wa Ureno, watu wakiwa makanisani. Halafu Wayahudi milioni sita mikononi mwa Wanazi. “Dunia ijayo” ni deni linaloahirishwa, na mdai ameshakufa.

Mleta mada:
Ndugu, sina jibu la kukushinda, na anayejidai kuwa nalo ananitisha. Rabi Irving Greenberg aliweka kipimo baada ya mauaji yale: lisitamkwe neno lolote, la dini au jingine, lisiloweza kuaminika mbele ya watoto wanaoungua. “Dunia bora” inaanguka hapo. Maneno ya mgeni yule pia. Kinachobaki kwangu ni kilio. Zaburi ya 88 inaanza kwa kumwita Mungu na inaishia gizani, hakuna faraja mstari wa mwisho, na bado ni sala. Yesu msalabani alishika Zaburi ya 22: “Mungu wangu, mbona umeniacha?” Anayelia hivyo bado anamwita wake. Ningemsomea shangazi ile ya 88. Sikumsomea, nilikaa kimya mgeni akiongea, na hilo linaniuma hadi leo.

Mchangiaji wa kwanza, nijibu wewe: ungemwambia maneno yale pale kitandani?

Mchangiaji wa kwanza:
Pale, hapana. Nimelifikiria tangu asubuhi, nisingeweza. Lakini Zaburi ya 73 inawataja na wengine: wanaodhulumu, wamenenepa, hawajui taabu. Hao wanakaa viti vya mbele, wananisikiliza. Nikiacha kuhubiri malipo, hao niwaambie nini?