Bajeti ya mikopo elimu ya juu inapanda kila mwaka, mbona vyuoni hali ni ileile?

KijanaWaUyole:
Habari zenu wakuu. Naomba kueleweshwa na wanaojua mambo ya bajeti. Nimefuatilia hela ya mikopo ya Bodi (HESLB), 2020/21 ilikuwa bilioni 464, 2021/22 ikawa 570, baadae 654, 731, 787 na hii ya 2025/26 imetengwa bilioni 916, yani imekaribia kuwa mara mbili ndani ya miaka mitano tu. Sasa mdogo wangu yupo mwaka wa pili chuo cha umma, ananiambia kwenye somo moja wapo mia nne na kitu ukumbi mmoja, ukichelewa unasimama mlangoni unaandika daftari umeliegemeza ukutani, maabara mnashea kifaa kimoja watu kumi. Kama hela inapanda hivi inaishia wapi jamani?

Mzee_wa_Hesabu:
Mkuu umeuliza swali zuri sana ila gawanya kwa vichwa kwanza. 2021/22 zile bilioni 570 zilienda kwa wanafunzi kama 177,000, ukigawa unapata milioni 3.2 kila mmoja. 2024/25 bilioni 787 kwa wanafunzi 245,000, gawa tena, milioni 3.2 ileile! Kwahiyo kilichoongezeka ni watu, mwanafunzi mmoja mmoja yupo palepale na vitu madukani vimepanda. Halafu angalia hiyo 3.2 inaenda wapi, boom (hela ya kujikimu) ni elfu kumi kwa siku (ilipandishwa 2022 kutoka 8,500), siku 60 ni laki sita, piga kwa mwaka mzima wa masomo unaenda milioni mbili na zaidi. Hiyo ni hela ya kula na kulipa chumba, inaishia kwa mama ntilie na mwenye nyumba. Kinachofika chuoni ni ada tu, tena kwa asilimia aliyopangiwa mtoto.

Chaki_Nyeupe:
Nimefundisha chuo cha umma miaka mingi naongezea hapo kwa Mzee. Watu wanachanganya mkopo wa mwanafunzi na ruzuku ya chuo, ni mifuko miwili tofauti kabisa. Chuo kinapata mishahara kutoka Hazina na hiyo kweli inakuja, ila OC (matumizi mengineyo) ndo kilio chetu, hela ya kemikali za maabara, ya karatasi za mitihani, ya kutengeneza projekta, hiyo ni ndogo na inakuja kwa kudonolewa. Idara niliyokuwepo tulikuwa tunachangishana wino wa printa wiki ya mitihani, na humo ndani kuna maprofesa.

Majengo mapya mnayoyaona mikoani mengi ni ya mradi wa HEET, dola milioni 425 za Benki ya Dunia kuanzia 2021, ndo zinajenga kampasi ya UDSM Lindi na Kagera, MUHAS Kigoma, Mzumbe kule Tanga na kwingine, na zinasomesha walimu masters na PhD. Mimi naupenda ule mradi kwa moyo wote. Ila ni mkopo na una mwisho. Jengo likishasimama linataka umeme, mafundi na walimu kila mwezi, na hizo zitatoka kwenye OC hiyohiyo.

binti_kasulu:
Nawasoma kwa makini ila naomba msije mkasema boom lipunguzwe. Mimi nyumbani tulikuwa kaya ya TASAF (mfuko wa kusaidia kaya maskini), kuhakiki vyeti vya kuzaliwa RITA tu ilibidi mama auze kuku, nikapata mkopo asilimia mia na ndo maana leo nina digrii. Wale niliomaliza nao form six wakakosa mkopo awamu zote na rufaa ikagonga mwamba, wawili hawakukanyaga chuo mpaka leo, na walikuwa na ufaulu kunizidi. Na kampasi kuja Kigoma kwetu sisi ni jambo kubwa mno.

Kingine, sehemu ya hayo mabilioni ni marejesho yetu. Nakatwa 15% ya basic kila mwezi tangu niajiriwe, afadhali ile 6% ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inaongezwa kwenye deni kila mwaka, waliifuta 2021 maana deni lilikuwa halishuki hata ulipe vipi. Kwahiyo msihesabu yote kama hela mpya ya serikali, kuna ya kwetu inazunguka humo.

KijanaWaUyole:
Dah nashukuruni sana, dada hongera kwa kupambana. Sasa nitajuaje kwenye vitabu vya bajeti kipi ni cha chuo na kipi ni mkopo? Maana kwenye hotuba naona tu "fedha za maendeleo" nyingi.

Mzee_wa_Hesabu:
Hapohapo ndo penyewe. Tafuta Fungu 46, Wizara ya Elimu. Mikopo ya wanafunzi inawekwa kwenye bajeti ya maendeleo, kwahiyo ukisikia maendeleo ya elimu yamepanda, usifikirie madarasa na maabara moja kwa moja. Toa kwanza mstari wa mikopo, kisha toa za wahisani, wanaandika za ndani na za nje tofauti. Kinachobaki ndo serikali imeweka yenyewe kwenye miradi mingine, na humo shule za chini na VETA (vyuo vya ufundi stadi) nao wana mafungu yao. Fanya hivyo kwa miaka mitatu minne mfululizo uweke hapa tuijadili, mimi ya 2023/24 ninayo.