Doa kwenye sensa ya kamera haliondoki, nimeshapangusa mara mbili

Kipepeo77: Wakuu, salaam. Picha za kamera yangu ya fulu fremu (yenye sensa kubwa) zina madoa meusi upande wa juu, hasa penye anga, na mstari mwembamba wa zambarau toka juu hadi chini. Nimepangusa sensa, kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga, mara mbili. Madoa yamegeuka ukungu, mstari uko palepale. Leo usiku narudia, naongeza dawa ya kusafishia. Nikandamize kiasi gani?

MlinziWaLenzi: Kinga kwanza, ndugu. Ukibadilisha lenzi, zima kamera, mdomo uelekee chini, lenzi ya pili iwe tayari mkononi. Vumbi halina miguu, tunaliingiza wenyewe.

FundiShata: Kinga itamfaa kesho. Kipepeo, umepangusa kwa kitu gani?

Kipepeo77: Vifaa vya kawaida tu.

FundiShata: Vya kawaida ni vipi? Vitaje.

Kipepeo77: Vijiti vya pamba vya masikio na spiriti ya vidonda. Lakini spiriti si alkoholi? Na pamba ni laini, sijaparuza popote.

FundiShata: Spiriti ya vidonda mara nyingi huchanganywa na mafuta ya mbarika. Alkoholi inaruka, mafuta yanabaki, ndiyo huo ukungu. Pamba nayo inaacha nyuzi. Bahati yako, ulichogusa ni kioo cha kichujio kilicho mbele ya sensa.

Puliza kwanza kwa pampu ya mpira, mdomo wa kamera ukiwa chini. Gesi ya kopo usiiguse, inarusha majimaji yanayoganda kwenye kioo. Kisha kijiti bapa cha milimita 24, sawa na kimo cha sensa yako (APS-C, sensa ndogo zaidi, ni kama 16). Matone 2 ya methanoli safi kwenye ncha, subiri kidogo yasambae. Weka ukingoni, kandamiza mpaka ncha ipinde kidogo tu, vuta hadi ukingo wa pili bila kusimama. Geuza upande mkavu, rudi. Kitupe. Kijiti kilichotumika kikirudi ndani, kinaburuta chembe na kukwaruza.

Doa la juu ya picha liko chini ya sensa, ukiitazama kwa mbele.

ShahidiWaMwanga: Uzi huu siuamini. Vumbi hukaa juu ya kichujio, kwa hiyo kivuli chake huonekana tundu la lenzi likiwa dogo, f/16 au f/22, na kuyeyuka likiwa pana, f/2.8. Mstari wa rangi moja, umenyooka fremu nzima? Hakuna vumbi la namna hiyo, wala mkwaruzo. Mtu ametunga tubishane. Kama ni kweli, piga ukuta mweupe nje ya fokasi, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, f/22 kisha f/2.8. Halafu funika lenzi, piga tena.

Kipepeo77: Sijatunga. Nimepiga sasa hivi. Kwa f/2.8 madoa yamepotea, mstari mkali vilevile. Nimefunika lenzi, bado upo.

Kuna jambo sikulisema. Mstari ulianza nilipomaliza kurekodi jukwaa lenye taa za leza. Mwale ulipita kufumba na kufumbua, nikaona hauhusiki.

ShahidiWaMwanga: Basi niwie radhi. Unahusika sana.

FundiShata: Lenzi inakusanya mwale wote kwenye nukta moja. Nukta ikiungua pamoja na njia ya kusomea safu yake, safu nzima inatoka na rangi. Mstari huo haupanguswi. Menyu ya kurekebisha pikseli huziba pikseli mojamoja kwa kukopa za jirani. Ijaribu, ila safu nzima mara nyingi huishinda.

Kipepeo77: Nilifikiria kubandua kile kioo nisafishe kwa ndani. Bisibisi ninazo tayari.

FundiShata: Usibandue! Pembeni mwa sensa kuna nyaya nyembamba kuliko unywele, ukigusa moja imekwisha. Na unene wa kioo umeshapigiwa hesabu kwenye fokasi. Dawa ya mstari ni kubadilisha sensa nzima. Mpe fundi mwenye vifaa vya kuipanga iwe sambamba na mdomo wa lenzi. Ikiinama hata kidogo, upande mmoja wa picha utakuwa na ukungu daima. Wewe shughulika na mafuta tu.

Kipepeo77: Sawa. Kijiti cha 24, matone 2. Nikikipata naanza.

FundiShata: Betri ina asilimia ngapi?

Kipepeo77: 41.

FundiShata: Chaji ijae kwanza. Kamera ikizimika katikati, shata, yaani pazia la mbele ya sensa, inaweza kujifunga juu ya kijiti.