Pakiti za wachezaji kwenye gemu za mpira: ni kamari au ni mchezo tu?

Mjomba wa Tabata (mleta mada)
Wakuu salaam. Mpwa wangu yuko kidato cha kwanza, anakaa kwangu. Juzi naangalia salio nakuta pungufu ya 180,000. Nikajua nimeibiwa. Kumbe kijana kaiingiza kadi yangu kwenye gemu moja ya mpira, jina nalihifadhi, akawa ananunua pakiti usiku kucha. Pakiti yenyewe unalipia kwanza, ndiyo inafunguka uone wachezaji gani wamo. Alichoambulia cha maana ni beki mmoja ambaye hata mimi simjui. Hii si kamari? Duka la kubeti mtoto wa miaka 13 haingii, sheria inataka 18, sasa huku anapitaje? Enzi zetu tulipiga PES, ile gemu ya mpira ya zamani, kwenye kibanda cha gemu, mtu anashinda kwa vidole vyake. Hatukuwa tunanunua ushindi kama hawa watoto wa FIFA, gemu ambayo siku hizi inaitwa EA Sports FC.

Kipa Namba Tatu
Hiyo sentensi ya mwisho ungeimeza tu mzee. Nacheza FIFA tangu 2010 na pakiti sijanunua hata moja. Nachukua timu ya daraja la chini naipandisha, basi. Halafu vidole gani unavyosema? Si mlikuwa na Adriano nyie, yule mshambuliaji wa Inter kwenye PES, mtu anapiga shuti toka katikati ya uwanja kipa anasindikiza kwa macho. Huo ndio ujuzi?

Castolo wa Mwananyamala
Adriano wa PES 6 alikuwa bure. Unachagua Inter, unacheza. Na kwenye Master League, ile sehemu ya PES ya kuendesha klabu yako mwenyewe, tulianza na Castolo, Minanda na Ivarov golini, watu ambao hata duniani hawapo, tukawanoa mpaka wakabeba kombe. Castolo hajawahi kuniomba namba ya kadi.

Jicho la Pembeni
Turudini kwenye mada jamani. Ubelgiji na Uholanzi walishapiga marufuku kitambo, 2018 kama sikosei. Sisi tunangoja nini?

Wakili wa Pedi
Umepatia nusu. Ubelgiji ndiyo: 2018 tume yao ya kamari ilisema ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA, kampuni yenye gemu ya FIFA, wakaacha kuuza kule pointi za FIFA za kununulia pakiti. Uholanzi hadithi ni nyingine. Walipiga faini ya yuro milioni 10, kesi ikapanda hadi mahakama ya juu ya kesi za serikali, na Machi 2022 EA wakashinda. Mahakama ilisema pakiti haisimami peke yake kama mchezo, ni sehemu ya mchezo mkubwa ambao ni wa ujuzi. Nchi mbili zimepakana, gemu ileile, majibu mawili. Na Uingereza mwaka 2019 mwakilishi wa EA aliwaambia wabunge kwamba hizo ni mbinu za mshangao tu, akazifananisha na yale mayai ya chokoleti yenye kitoto cha kuchezea ndani.

Kipa Namba Tatu
Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Mahakama imesema ujuzi.

Wakili wa Pedi
Mahakama hukuitaja popote. Wewe ulimtaja Adriano.

Binti Bagamoyo
Kuna kitu mnakiruka wote. PES ya leo ndiyo eFootball, tangu 2021 unaipata bure, na inaishi kwa kuuza sarafu za kuvutia wachezaji. Pakiti hiyohiyo kwa jina jingine, kwa hiyo hakuna kambi safi hapa. Halafu angalieni Ultimate Team, ile sehemu ya FIFA ya kujenga kikosi kwa pakiti: kila mwaka gemu mpya ikitoka, kikosi ulichokilipia kinabaki kwenye ile ya zamani, wewe unaanza sifuri. Mkeka wa kubeti ukitiki unalipwa hela. Pakiti hata ikikupa Mbappé huwezi kwenda naye dukani akakununulia unga. Yaani ni kamari ambayo hata anayeshinda haondoki na kitu. Hilo ndilo la kujadili.

Castolo wa Mwananyamala
Dada, eFootball si PES. PES ilishazikwa, usimchokoe marehemu. Na samahani, wewe unacheza au unasomaga tu habari zake?

Binti Bagamoyo
Nina pedi mbili za kuchezea gemu. Moja yangu, nyingine ya kumwazima mtu kama wewe kabla sijampiga tano.

Mbaraka wa Kisauni
Nyie mwasema kibandani hakukuwa na kamari? Huku Mombasa anayefungwa ndiye alipaye. Mechi bob kumi. Mtoto aja na bob hamsini aliyotumwa mkate, adhana ya alasiri haijaadhiniwa yeye hana kitu. Hiyo mwaiitaje?

Pedi Mbovu
Hiyo ni kulipia huduma ndugu yangu. Mwenye kibanda ana umeme wa kulipa. Nani atoe hela, wachezaji wanakubaliana wenyewe.

Mbaraka wa Kisauni
Wanakubaliana kwamba matokeo ya mchezo ndiyo yaamue nani atoe. Jambo hilo lina jina lake, na lipo Surat al-Maida aya ya 90, pamoja na ulevi.

Pedi Mbovu
Sasa umeingiza dini. Mimi nilifungua kibanda Manzese 2012, PS2 mbili na TV za kichogo. Kwa hizo mia mbili mbili nimemsomesha mdogo wangu mpaka kamaliza chuo. Usiniite mcheza kamari.

Kipa Namba Tatu
Manzese? Subiri. Si wewe ulikuwa na ile pedi isiyo na R1, kitufe cha kukimbia? Mchezaji hakimbii, anatembea kama yuko msibani! Na ndiyo alikuwa anapewa mgeni, halafu anayefungwa analipa. Kamari sijui, ila ule ulikuwa wizi.

Mstaafu wa Sinza
Nilikuwa napita tu, lakini nimeiona hiyo ya R1. Mia mbili yangu ya 2013 bado naidai.

Pedi Mbovu
R1 ilikuwa nzima! Mlikuwa mnaibonyeza kama mnatwanga kisamvu. Nani alikuwa analeta pedi yake toka nyumbani? Hakuna. Mlikuja na vidole vya mafuta ya chapati mnataka pedi ya Ulaya.

Mstaafu wa Sinza
Ilikuwa imefungwa kwa gundi ya karatasi bwana. Nyekundu.

Pedi Mbovu
Hiyo ilikuwa ya alama, tusichanganye.

Mjomba wa Tabata
Wakuu, mimi niliuliza habari ya kadi. Nimesoma kote, nimejua ya Ubelgiji na ya R1. Simu nimeshamnyang'anya kijana. Mama yake kanipigia, anasema kosa ni langu, mtu mzima gani anaacha kadi juu ya friji.

Wakili wa Pedi
Mama yake yuko sahihi. Weka nenosiri kwenye manunuzi.

Jicho la Pembeni
Na Binti Bagamoyo hajajibiwa.

Castolo wa Mwananyamala
Atajibiwa kwenye skrini. Pedi Mbovu, ile PS2 bado ipo? Jumamosi watu wa FIFA waje na midomo yao, sisi tunaleta PES 6.

Pedi Mbovu
Ipo moja, na pedi ni mpya, mje mzikague wenyewe. Mechi mia tano.

Kipa Namba Tatu
Anayefungwa analipa?

Pedi Mbovu
Ulitaka alipe nani?

Mbaraka wa Kisauni
Astaghfirullah.

Binti Bagamoyo
Nakuja. Inter ni yangu, asiguse mtu.

Mjomba wa Tabata
Na mimi nipo. Ila Adriano akae benchi.