Je, tuliandikishe kanisa letu kama jengo la kihistoria? (Buffalo)

Kutoka: katibu wa kamati ya jengo, Buffalo, New York

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Ushirika wetu, ambao wengi wetu tumetoka Kivu na Burundi, ulinunua kanisa la zamani upande wa mashariki wa mji. Lilijengwa na Wapolandi: matofali mekundu, mnara wa kengele, na madirisha ya vioo vya rangi ambayo chini yake majina ya waliochangia bado yanasomeka. Paa linavuja na gharama aliyotutajia fundi imetushinda. Jirani ametushauri tuliombee jengo nafasi kwenye Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, maana huko kuna ruzuku.

Wazee wamekataa katakata. Wanasema jengo likishaingia kwenye daftari la serikali, serikali ndiyo mwenye nyumba. Wanakumbuka Mobutu alivyotwaa shule za makanisa mwaka 1974, na mimi sina la kuwajibu. Kuna aliyepitia jambo hili? Nani anaandika hiyo fomu, na inalipiwa?

Kutoka: mama wa Rochester

Marahaba, mwanangu. Wazee wasipuuzwe, hofu yao ina sababu. Ila kwa hili wapelekee majibu haya, maana nilikuwa kwenye kamati iliyoandikisha jengo la mtaani kwetu na nayajua vizuri.

Kwanza, umiliki haubadiliki. Rejista ya Taifa ilianzishwa kwa sheria ya 1966 na inatunzwa na Idara ya Hifadhi za Taifa. Mwenye mali binafsi akipinga kwa maandishi, jengo lake haliandikishwi. Likiandikishwa, mnaweza kuliuza, kulipaka rangi, hata kulibomoa, ilimradi pesa ni zenu na hakuna kibali au fedha ya serikali kuu au ya jimbo ndani yake. Hamlazimiki kuwafungulia milango watalii.

Yenye meno ni orodha nyingine, ya mji wenyewe. Jengo likitangazwa alama ya mji wa Buffalo, yaani jengo linalolindwa na mji, kazi yoyote ya nje lazima ipite kwenye bodi ya uhifadhi ya mji. Watu wengi wanachanganya hizi mbili, na nadhani hofu nyingi zinatokea hapo. Wasomeeni wazee masharti ya orodha zote mbili, ya taifa na ya mji, kwa Kiswahili, tena polepole, kabla ya mtu yeyote kupiga kura.

Lakini wasidanganywe pia kwamba kuandikishwa ni kinga. Hapo hapo Buffalo, ghala kubwa la nafaka la Great Northern, la mwaka 1897, lilikuwa alama ya mji. Upepo wa Desemba 2021 ukaangusha ukuta mmoja, na baada ya mabishano mahakamani likabomolewa. Jengo linasimama kwa paa zima na watu wanaolitumia.

Faida ipo mahali pawili. Moja, mradi wenye fedha ya serikali kuu, kama barabara, hauwezi kupita karibu na jengo lenu bila kwanza kuchunguza utaliathiri vipi. Wakazi wa upande wa mashariki wanajua thamani ya hilo: miaka ya 1960 barabara kuu ya Kensington ilikatwa katikati ya Humboldt Parkway, bustani iliyobuniwa na Olmsted, mbunifu mashuhuri wa bustani, na mtaa ukapasuka vipande viwili. Mbili, ni hizo ruzuku. Mpango wa Sacred Sites wa shirika la uhifadhi la New York Landmarks Conservancy husaidia nyumba za ibada za jimbo zima, mradi ziwe zimeandikishwa. Kuna pia mfuko wa National Fund for Sacred Places, ambao hutaka nanyi mchange sehemu yenu, na huangalia jinsi jengo linavyowafaa hata wasio waumini: darasa la Kiingereza, chakula cha wenye shida, ukumbi wa misiba. Hayo nyinyi mnayafanya tayari. Yaandikeni. Ile nafuu ya kodi ya asilimia 20 mtakayosikia ikitajwa ni ya majengo ya biashara, msiipigie hesabu.

Sasa kazi yenyewe. Kuwasilisha hakuna ada. Msianze na fomu ndefu. Anzeni kwa kutuma picha na historia fupi kwenye mtandao wa ofisi ya jimbo ya uhifadhi, unaoitwa CRIS. Kila kaunti ina mtumishi wake pale, naye ndiye atakayewaambia kama jengo linastahili. Akisema ndiyo, ndipo mnaandika pendekezo kamili. Bodi ya jimbo inalipitia, kisha linakwenda Washington, ambako wana siku 45 za kuamua. Tangu kuanza hadi mwisho ni jambo la miezi mingi, kwa hiyo turubai juu ya paa lisisubiri.

Ndani ya pendekezo, sehemu mbili ndizo zinazobeba mzigo. Moja inaeleza jengo lilivyo, nje na ndani, ukuta kwa ukuta. Nyingine inaeleza kwa nini lina maana. Hapa makanisa mengi yanakwama, kwa sababu dini peke yake haitoshi. Sheria inataka umuhimu utokane na usanifu, sanaa au historia. "Mungu ametenda makuu hapa" ni kweli, lakini si hoja ya fomu. Hoja yenu ni wale Wapolandi: walifika lini, walifanya kazi wapi, nani alichora ramani, kwa nini wafanyakazi wa kawaida walijenga mnara wa namna ile. Kanisa la Michigan Street Baptist pale mjini, la miaka ya 1840, liliandikishwa mwaka 1974. Uzuri wa matofali yake si sababu kubwa: lilikuwa kituo kwenye njia ya siri ya waliotoroka utumwa kwenda Kanada.

Ushahidi mtaupata chumba cha Grosvenor, maktaba kuu ya Buffalo. Ombeni ramani za Sanborn, zilizochorwa kwa ajili ya kampuni za bima ya moto. Majengo ya matofali yamepakwa waridi, ya mbao njano, na mkizilinganisha za miaka tofauti mtaona chumba kipi kiliongezwa lini. Hati za umiliki ziko kwa karani wa kaunti. Na hayo majina ya chini ya madirisha, pigeni picha kila moja. Ukilitafuta jina kwenye vitabu vya anwani vya zamani unakuta na kazi yake: mchinjaji, seremala, mfanyakazi wa reli. Historia yenu iko pale kwenye vioo.

Kutoka: fundi mwashi, mzaliwa wa Unguja, Toronto

Salaam aleikum. Naongeza moja tu. Mtu asiwaambie mjaze viungo vya matofali kwa saruji. Jengo la umri ule huenda lilijengwa kwa mota ya chokaa, na chokaa hupumua. Saruji ni ngumu kuliko tofali, maji yanabaki ndani, baridi ya huko inayagandisha, na uso wa tofali unabanduka. Kwetu Mji Mkongwe, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2000, kuta za mawe zilizopigwa plasta ya saruji zinaoza vivyo hivyo kwa unyevu. Na Beit el Ajaib, jumba la kale la huko huko, mnajua, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, watu wakafa. Mnara wa kengele ukaguliwe na mhandisi kabla ya fomu yoyote.

Na madirisha ya mbao msiyatoe mkaweka ya plastiki. Wakaguzi hutazama jengo limebaki na uasilia kiasi gani, na hilo ndilo la kwanza kuonekana ukiwa barabarani.

Kutoka: katibu wa kamati ya jengo, Buffalo

Asanteni sana, mama na fundi. Wazee wameniuliza swali moja nikashindwa: kwa nini tusimulie habari za Wapolandi tu? Na sisi je?

Kutoka: mama wa Rochester

Swali zuri kuliko yote. Kwa kawaida Rejista inataka mambo yawe yamepita miaka 50, isipokuwa yenye umuhimu wa pekee kabisa. Wengi wenu mmefika karne hii, kwa hiyo zamu yenu kwenye fomu haijafika. Lakini katika maelezo ya jengo, matumizi ya sasa yanaandikwa. Semeni wazi kwamba leo wanaabudu humo watu wa Kongo na Burundi, kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyamulenge. Hiyo itabaki kwenye kumbukumbu za taifa.

Atakayeandika habari zenu baadaye atahitaji karatasi, kama nyinyi mnavyohitaji za Wapolandi leo. Daftari la michango ya ununuzi, mihtasari ya vikao, programu za harusi na mazishi, picha zenye majina na tarehe nyuma yake: msitupe, na msiziache kwenye simu ya mtu mmoja. Ulizeni maktaba kama itapokea nakala. Warekodini wazee hao hao wanaokataa. Waeleze na ya shule zilizotwaliwa na Mobutu, kwa nini waliogopa, maana nayo ni sehemu ya historia ya jengo hilo sasa.

Na waumini wenye nyumba zao: New York ina nafuu ya kodi kwa wenye nyumba, asilimia 20 ya gharama za ukarabati, nafuu yenyewe isizidi dola 50,000, kama nyumba imeandikishwa au iko ndani ya mtaa ulioandikishwa, na eneo lenyewe linakubalika. Ombi hupitishwa kabla fundi hajaanza. Ukianza kwanza, umekosa.

Nitumie picha za pande zote nne na za ndani, pamoja na mwaka ulio kwenye jiwe la msingi. Nitaandaa rasimu ya maelezo ya CRIS, nanyi mtaisahihisha pamoja na wazee.