MJADALA: Rubani aijue mitambo ya ndege yake kwa kina, au kufuata cheklisti kunatosha?

Wakuu, nauleta mjadala huu kwa sababu kuna hoja inayozidi kupata wafuasi: kwamba rubani wa ndege za kisasa hana haja ya kujua kilicho nyuma ya swichi. Kompyuta hutambua hitilafu na kuonyesha hatua kwenye skrini, yeye anazifuata, na matengenezo wanabaki nayo mafundi chini. Nawaheshimu wanaosema hivyo, lakini napinga.

Cheklisti, yaani orodha ya hatua za kufuata, ni jibu. Kabla yake lazima mtu aamue tatizo ni lipi, na uamuzi huo ukikosewa, hatua zote zinazofuata zinatekelezwa kwa usahihi mahali pasipo penyewe.

Chukueni ajali ya Kegworth, Uingereza, tarehe 8 Januari 1989. Boeing 737-400 ilikuwa na watu 126. Bamba moja la feni ya injini ya kushoto likavunjika, ndege ikatikisika, harufu ya moshi ikajaa. Marubani wakaamua kwamba mbovu ni injini ya kulia. Sababu mojawapo ni kuwa kapteni aliufahamu mfumo wa hewa wa 737 za awali, ambamo hewa ya sehemu ya abiria ilitoka zaidi injini ya kulia. Kwenye toleo la 400 mpangilio huo ulikuwa umebadilika. Wakaipunguza nguvu, kisha wakaizima injini iliyokuwa nzima. Mtikisiko ukatulia, wakaamini wamepatia. Kumbe, walipoondoa udhibiti wa nguvu unaojiendesha, injini mbovu nayo ilipunguziwa mafuta, ndiyo maana ikatulia kidogo. Walipohitaji nguvu zaidi karibu na kutua, ikashindwa. Watu 47 walikufa.

Najua kuna atakayesema: huoni kwamba ujuzi wake ndio uliomponza? Hapana. Kilichomponza ni ujuzi wa ndege nyingine. Marubani wale hawakuwa wamefundishwa toleo hilo kwenye simyuleta, mtambo wa kuigizia urubani ardhini. Nusu ya maarifa ilibaki kichwani ikiwa imepitwa na wakati, na hakuna aliyewajibika kuisahihisha.

Sasa niwape wapinzani wangu haki yao. Agosti 2001, Airbus A330 ya Air Transat ikiwa juu ya Atlantiki ilikuwa inavuja mafuta upande wa injini ya kulia. Marubani waliona tangi za pande mbili hazilingani, wakafungua vali ya kuhamisha mafuta kwa kumbukumbu, bila kusoma cheklisti iliyokuwa na onyo kuhusu uvujaji. Mafuta ya upande usiovuja nayo yakaenda kumwagika. Hapo cheklisti ingesaidia, sibishi.

Lakini turudi nyuma kidogo kwenye safari ileile. Kabla ya hapo injini ya kulia ilionyesha joto la oili liko chini na presha yake iko juu kuliko kawaida. Kwenye injini ile oili hupozwa na mafuta yanayopita kwenye kipozeo. Mafuta mengi kupita kiasi yalikuwa yakipita pale kuelekea kwenye mvujo, kwa hiyo oili ikapoa. Dalili ilikuwa mbele yao, ila ilihitaji mtu anayeona mabomba kichwani. Injini zote mbili zilizimika, na kwa ustadi mkubwa waliiongoza ndege ikielea bila injini hadi uwanja wa Lajes, visiwa vya Azores. Wote 306 walipona.

Lawama zisiishie kwa marubani. Kwenye 737 MAX, mfumo wa MCAS, unaoweza kuisukuma pua ya ndege chini wenyewe, haukuelezwa kwenye vitabu walivyopewa marubani kabla ya ajali ya Lion Air ya Oktoba 2018. Machi 2019 ikaanguka ya Ethiopian Airlines, na jumla ya waliokufa ni 346. Inaniuma kusikia mtu akisema rubani hahitaji maelezo mengi, wakati kuna walionyimwa hata yale ya lazima.

Simtaki rubani abebe spana. Nataka mtihani wa kubadilisha aina ya ndege uache maswali ya kuchagua jibu, umpe karatasi tupu achore mafuta, hewa na haidroliki (majimaji ya presha yanayosukuma mitambo) vinapita wapi, na kipi kinakufa pampu fulani ikifa.

Mnaosema cheklisti inatosha, nijibuni hili: vipimo viwili vikipingana na skrini haijataja tatizo, rubani wenu atafungua ukurasa upi?