EJ20 ya turbo iliyoongezwa presha: plagi namba 6, 7 au 8?

Boksa_Mbezi: Wakuu, nina Subaru Impreza yenye injini ya EJ20 ya turbo, na plagi zilizokuwemo ni NGK namba 6. Nimefunga turbo kubwa zaidi, kompyuta ya injini imetyuniwa upya, presha ya turbo imetoka bar 0.9 hadi 1.3. Fundi mmoja anasema nibaki na 6 maana "inachoma vizuri", mwingine anataka niruke hadi 8. Gari naendea kazini kila siku, na foleni ya Kimara mnaijua. Naomba uzoefu wenu.

Fundi Mstaafu: Mkuu, namba hiyo haihusiani na ukali wa cheche. Inahusu jinsi plagi inavyolitoa joto kwenye ncha na kulipeleka kwenye silinda hedi. Shika 6 na 8 uzichungulie: kauri nyeupe ya 6 ni ndefu, ya 8 ni fupi, hivyo joto halina safari. Ncha ikiwa chini ya nyuzi 450 hivi, masizi hayaungui, injini inamisi (inakosa mwako). Ikipita 800 na kitu inakuwa kaa la moto, inawasha mafuta kabla ya cheche, na hapo ndipo pistoni zinapotobolewa. Wengi wetu tunapanda namba moja kwa kila nguvu za farasi 75 hadi 100 zilizoongezwa. Weka 7.

Evo_Arusha: Naunga mkono 7. Nilifunga 8 kwenye 4G63 yangu, injini ya turbo ya Mitsubishi Evo. Barabara ndefu ilikuwa safi kabisa, lakini wiki mbili za mjini zikatosha: asubuhi inawaka kwa taabu, inatetemeka kwenye taa. Nilipozifungua, kidole kilitoka cheusi kama nimeshika sufuria ya kuni. 8 ni ya gari linaloshinda kwenye mashindano.

Dada wa Spea: Na mkija dukani msitaje namba bila kampuni. NGK na Denso namba ikipanda plagi ni baridi zaidi (inatoa joto haraka), ila NGK 7 ni sawa na Denso 22. Bosch na Champion ni kinyume, namba kubwa ndiyo ya moto. Halafu NGK ikiishia na -11, nafasi ya cheche ni milimita 1.1. Kwa presha hiyo cheche itazimwa, tafuta 0.7 au 0.8. Plagi ya iridiamu usiibane nafasi yake ovyo, ncha yake ni nyembamba na inakatika.

Boksa_Mbezi: Mrejesho. Nimefunga BKR7E, nafasi 0.7. Kwenye injini ya boksa, yenye silinda zilizolala, plagi ziko ubavuni, nimetoa betri na boksi la hewa ndipo mkono ukapita. Baada ya kilomita 400 nimezifungua injini ikiwa imepoa kabisa. Tatu zina rangi ya chai ya maziwa. Ya silinda namba 4 ni nyeupe, ina vidoa vidogo vinavyong'aa.

Evo_Arusha: Labda hapo sasa ndiyo aende 8?

Fundi Mstaafu: Hapana. Plagi tatu zimekubali, kwa hiyo namba iko sawa. Vidoa hivyo ni alumini ya pistoni. Silinda hiyo inagonga, yaani mafuta yanalipuka ovyo badala ya kuungua taratibu, na weupe unaonyesha huenda inapata mafuta kidogo. Mkuu, usiikanyage tena hiyo gari. Injekta zote nne zipimwe, na aliyetyuni apunguze adivansi (jinsi cheche inavyotangulizwa) na presha kabla hujarudi barabarani.

Boksa_Mbezi: Nimekuelewa mzee wangu. Kesho nachomoa injekta.